Injini inazima huku mafuta yamo kwenye tangi: makosa ya mafuta katika ndege ndogo za binafsi

Bawa la Juu (mleta uzi)

Wanajukwaa, salaam. Kila inapotangazwa habari ya ndege ndogo iliyoanguka baada ya injini kuzima, wengi wetu hukimbilia kuulaumu ubovu wa mashine: ndege ilikuwa kuukuu, fundi hakuikagua, vipuri vilikuwa bandia. Ubovu huo upo na siupuuzi, lakini katika ndege za binafsi zenye injini ya pistoni kuna chanzo kingine kisichohitaji kipuri chochote kuvunjika. Injini ni nzima, plagi zinatoa cheche, pampu inasukuma, ila mafuta hayafiki. Mwaka 2017 Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani, NTSB, ilitoa tahadhari ikieleza kwamba kati ya 2011 na 2015 ndege za aina hiyo nchini humo zilipata kwa wastani ajali zaidi ya 50 kila mwaka kutokana na mafuta kusimamiwa vibaya. Katika asilimia 95 ya ajali zilizochunguzwa, watu ndio waliosababisha au kuchangia. Hitilafu ya vifaa ilichangia asilimia 5 tu. Kilichonifanya niisome tahadhari hiyo mara mbili ni hiki: asilimia 48 ya marubani waliohusika walikuwa na leseni za biashara au za kurusha ndege za mashirika, na wanafunzi walikuwa asilimia 2 tu. Kwa hiyo tusiseme kwamba haya ni makosa ya wanagenzi.

Ajali hizi zina mafungu mawili makubwa ambayo magazeti huyachanganya kwa kuandika tu kwamba ndege iliishiwa mafuta. Fungu la kwanza, asilimia 56, ni la ndege zilizokauka kabisa. Fungu la pili, asilimia 35, ni la ndege zenye mafuta ambayo hayakuifikia injini: tangi la kushoto limekwisha, la kulia lina mafuta ya saa nzima au zaidi, na valvu ya kuchagulia tangi bado imeelekezwa kushoto. Fungu hili la pili ndilo ninalotaka tulijadili, kwa sababu linaonyesha vizuri zaidi jinsi rubani mwenye akili timamu anavyoweza kufa akiwa amebeba dawa yake mwenyewe.

Kwa wasiozijua ndege hizi, nieleze kidogo. Cessna 172 ina mabawa juu, na mafuta yake hushuka yenyewe kwa uzito. Valvu yake ina nafasi ya kushoto, ya kulia, na ya matangi yote mawili kwa pamoja, hivyo rubani anaweza kuruka safari nzima bila kuigusa. Piper za jamii ya Cherokee zina mabawa chini, kwa hiyo pampu lazima iyavute mafuta kuyapandisha hadi kwenye injini. Valvu yake ina kushoto, kulia na kufunga. Nafasi ya yote mawili haipo, kwa sababu tangi moja likikauka pampu ingevuta hewa kutoka huko na kuyaacha mafuta ya tangi la pili. Ni muundo wenye sababu nzuri, lakini unamdai rubani akumbuke kubadilisha tangi kila baada ya muda. Akisahau, injini humkumbusha.

Sasa nije kwenye ajali ambayo kwangu ndiyo somo kamili la jambo hili. Tarehe 12 Oktoba 1997, mwanamuziki John Denver, mwenye umri wa miaka 53, alianguka baharini karibu na Pacific Grove, California, akiwa peke yake katika ndege aina ya Long-EZ. Hakuwa mgeni wa anga: alikuwa na zaidi ya saa 2,700 za kuruka. Ndege ile, hata hivyo, ilikuwa mpya mikononi mwake. Alikuwa ameinunua karibuni na mazoezi aliyopewa juu yake yalikuwa mafupi mno.

Long-EZ ilibuniwa na Burt Rutan kwa ajili ya watu wanaojijengea ndege nyumbani kwa kufuata michoro. Katika michoro hiyo valvu ya matangi ipo mbele ya rubani, mahali mkono unapofika bila shida. Mtu aliyeijenga ndege ile aliihamishia nyuma ya bega la kushoto la rubani, ili mipira ya mafuta isipite katika chumba anachokaa. Wazo lake halikuwa la kipumbavu, kwa maana nani anapenda mafuta yapite katikati ya miguu yake? Lakini matokeo yake ni kwamba rubani aliyetaka kubadilisha tangi alipaswa kuiachia fimbo ya usukani iliyokuwa upande wa kulia, kuugeuza karibu mwili wake wote kushoto, kisha kuupeleka mkono wa kulia nyuma ya bega. Valvu haikuandikwa alama za nafasi zake. Vioo vya kuonea kiwango cha mafuta navyo vilikuwa nyuma yake, bila alama, na havikuonekana vizuri kutoka kiti cha mbele.

Denver alizijua kasoro hizo. Kabla ya kuruka, yeye na fundi wa uwanjani walijaribu kukirefusha kishikio cha valvu kwa koleo la kubana, isifae. Fundi akampa kioo cha kujitazamia, apate kuviona vile vioo vya mafuta kwa nyuma. Alipoulizwa kama atie mafuta, alikataa, akasema ataruka kwa muda wa saa moja hivi, na kuhusu valvu alisema kwamba ikibidi ataikabidhi ndege kwa mfumo wa kujiendesha wakati anahangaika nayo. Alipaa kutoka Monterey, akafanya mizunguko ya kutua na kupaa tena, kisha akaelekea baharini. Mashahidi waliiona ndege ikiwa chini sana, kimo cha futi mia chache, wakasikia injini ikipiga mapengo na mlio ukipungua. Ndege ikalala kulia, ikainamisha pua na kuzama.

Wachunguzi waliikuta valvu ikiwa katikati, haijatua katika nafasi ya tangi lolote. Walipokaa wenyewe katika ndege ya namna ile na kuiga mgeuko wa kuifikia valvu nyuma, waligundua kwamba mguu wa kulia hujikaza wenyewe dhidi ya pedali ya usukani wa mkia ili kuuegemeza mwili. Hitimisho la NTSB lilikuwa kwamba rubani aliacha kuiangalia ndege akishughulika na valvu, akaikanyaga pedali ya kulia bila kukusudia, na ndege ikamtoka mikononi. Katika mambo yaliyochangia walitaja uamuzi wake wa kutotia mafuta, mjenzi kuihamisha valvu, vioo visivyo na alama, na mafunzo hafifu ya ndege ile.

Hoja yangu ni hii, na ninawakaribisha mnipinge. Kosa la mafuta hukamilika ardhini, pale rubani anapojua kwamba jambo fulani halijakaa sawa na akaamua kwamba litavumilika kwa saa moja. Na huko angani, kinachoua mara nyingi ni kule kuyahangaikia mafuta huku ndege ikiachwa ijiendee yenyewe. Injini ya Denver kuzima peke yake isingemuua kwa lazima. Ndege ile ingeweza kuteleza hewani na kutua majini au ufukweni.

Mkaazi wa Langata

Shukrani kwa uzi huu. Nakubaliana na sehemu kubwa ya maelezo yako, ila naona umewahukumu marubani kana kwamba kila tangi linalokauka angani limekauka kwa uzembe. Kuna waliolikausha kwa makusudi, na walikuwa na hoja.

Sisi hapa Kenya tunaye Beryl Markham, aliyekulia Njoro na kurusha ndege katika nchi hii zamani, viwanja vilipokuwa nyasi na ramani zilipokuwa na sehemu tupu. Septemba 1936 aliondoka Abingdon, Uingereza, jioni, akiwa peke yake katika ndege aina ya Percival Vega Gull iliyoongezewa matangi hata ndani ya chumba cha abiria, akavuka Atlantiki kuelekea magharibi dhidi ya upepo. Akawa mwanamke wa kwanza kufanya safari hiyo peke yake kutoka Uingereza hadi Amerika Kaskazini. Safari ya namna ile haiwezekani bila kulimaliza tangi moja hadi tone la mwisho ndipo ufungue lingine: injini hukata, rubani hutafuta valvu gizani, na kwa muda ambao kwake ni mrefu sana husikia upepo tu. Mafuta yanayobaki kidogo kidogo katika kila tangi ni mafuta yasiyomsaidia mtu, wakati yale yaliyokusanyika katika tangi moja yanajulikana kiasi chake na yanaweza kutegemewa mpaka mwisho.

Na kumbuka kilichomwangusha hatimaye hakikuwa tabia hiyo. Matundu ya kuingizia hewa katika tangi yaliziba kwa barafu, mafuta yakashindwa kutoka, injini ikanyamaza akiwa ameshaifikia nchi kavu, na ndege ikaishia puani katika ardhi yenye matope na mawe huko Baleine, kisiwa cha Cape Breton, Kanada. Aliumia kichwani lakini alitoka akitembea. Mafuta yalikuwemo, kama unavyosema katika kichwa cha uzi, ila hakuna mtu aliyesahau valvu. Hapo kosa la ardhini unaliona wapi?

Bawa la Juu (mleta uzi)

Ndugu yangu wa Langata, umeleta mfano mzuri kuliko wangu, na kuhusu barafu katika matundu ya hewa sina cha kumlaumu Markham. Kwa vifaa vya 1936 alifanya alichoweza. Kuhusu kulikausha tangi kwa makusudi, naomba nitofautiane nawe kwa sehemu.

Kinachoifanya tabia hiyo ivumilike ni kimo. Rutan yule yule aliyebuni Long-EZ ndiye aliyebuni Voyager, ndege ambayo Dick Rutan na Jeana Yeager waliizungusha dunia nzima Desemba 1986 bila kutua wala kuongezewa mafuta. Karibu na mwisho wa safari, katika pwani ya Meksiko, injini ya nyuma ilizima kwa kukosa mafuta wakati ile ya mbele ilikuwa imezimwa ili kubana matumizi. Ndege ikawa inashuka bila injini hata moja. Walikuwa juu vya kutosha kupata muda wa kuiwasha ya mbele, wakafika nyumbani. Kosa lilelile katika futi 500 halimpi mtu muda huo. Cessna 172 ikizimika katika futi 1,000 hufika mbele kama kilomita 2 na nusu hivi, hewa ikiwa tulivu na rubani akiishika kasi sahihi. Katika futi 500 ni nusu ya hapo, na sehemu ya muda huo anaimaliza kwa kushangaa.

Jambo la pili ni aina ya injini. Injini yenye kabureta hurudi haraka mafuta yakirejea. Ile inayopuliziwa mafuta kwa shinikizo, mfumo ukishaingia hewa, hukawia kuitika, kama dereva wa lori la dizeli anavyojua akiishiwa barabarani: kutia mafuta tu hakutoshi mpaka hewa itoke. Rubani anayelimaliza tangi katika injini ya namna hiyo awe na sababu nzito, awe peke yake, na awe juu ya mahali pa kutua. Kwa anayewapeleka ndugu zake Amboseli kwa mapumziko ya wikendi, sababu hiyo siioni.

Ninachokubali kabisa katika hoja yako ni kwamba mafuta yaliyotawanywa kidogo kidogo ni mafuta ya kuhesabu kwa shaka. Ndiyo maana napendelea rubani aandike saa aliyobadilisha tangi, kila anapobadilisha, kwenye karatasi iliyo gotini, badala ya kuiachia kumbukumbu. Na badiliko la mwisho lifanywe mapema, kabla ya kuanza kushuka, ili kama tangi jipya lina tatizo ajue akiwa bado juu.

Fundi wa Hanga

Naomba niingie kwa upande wa karakana, maana hapo juu mmezungumza kana kwamba kilichomo kwenye tangi ni mafuta siku zote.

Nianze na hayo matundu ya hewa yaliyomwangusha Bi Markham. Barafu si tatizo letu, lakini nyigu wanaojenga kwa udongo ni tatizo letu. Ndege ikikaa nje muda mrefu bila kuruka, nyigu hawa huyapenda matundu membamba, na tundu la hewa la tangi huwafaa sana. Tundu likizibwa, mafuta yanapotoka hakuna hewa ya kushika nafasi yake, mvutano ndani ya tangi unaongezeka, na mwisho mafuta yanakoma. Injini inaweza kuwaka, ikajaribiwa ardhini ikakubali, ikapaa, ndipo ikakosa. Kulichungulia tundu hilo ni kazi ya nusu dakika, na wengi hawaifanyi kwa sababu liko chini ya bawa na inabidi kuinama.

Halafu kuna maji. Mvuke hutonesha ndani ya tangi lisilojaa, mvua hupenya kwenye kifuniko chenye mpira uliochakaa, na mafuta ya kwenye pipa huwa na yake. Maji ni mazito kuliko petroli, hukaa chini kabisa, na ndiyo yanayofika kwanza kwenye injini. Rubani hutoa sampuli kwenye valvu ndogo za chini ya matangi kabla ya kuruka. Cessna 172S za kisasa zina sehemu 13 za kufanyia hivyo, na ninawajua watu wanaozifungua tatu kisha wakapanda. Tena sampuli itolewe ndege ikiwa imekaa sawasawa na mafuta yametulia, si mara tu baada ya kujaza. Cessna 182 za zamani zenye matangi ya mpira zina ubaya wa ziada: mpira ukikunjamana chini, mikunjo hushika maji yasifike kwenye valvu ya sampuli, kisha pua ya ndege inapoinuka wakati wa kupaa yanamwagika yote kwa pamoja. Na mtu asidanganywe na sampuli iliyo safi kabisa bila mstari wowote wa kutenganisha, kwa sababu inawezekana kikombe kizima ni maji. Petroli ya ndege ya 100LL ina rangi ya buluu. Kisicho na rangi kinahitaji maelezo.

Hapo ndipo nafika kwenye kosa ninaloliogopa kuliko yote, nalo ni kutiwa mafuta yasiyo yake. Katika viwanja vyetu vingi mafuta ya jeti ndiyo yanayopatikana kwa urahisi, na petroli ya ndege huletwa kwa mapipa au haipo. Cessna 206 na Cessna Caravan husimama bega kwa bega: zote zina propela moja, mabawa juu, na jina moja ubavuni. Ya kwanza hunywa petroli, ya pili mafuta ya jeti. Kijana wa pampu aliyezoea kuhudumia Caravan kutwa nzima anaweza kuifungua 206 bila kufikiri. Ikibandikwa kibandiko chenye neno turbo kwenye boneti, ndiyo unamhakikishia kosa, ingawa turbo katika injini ya pistoni haibadilishi mafuta hata kidogo. Siku hizi kuna pia ndege za pistoni za dizeli, kama baadhi ya Diamond, ambazo hutumia mafuta ya jeti kwa haki yake, kwa hiyo kuangalia tu umbo la ndege hakuamui kitu.

Ubaya wa kosa hili ni kwamba halijionyeshi mapema. Petroli iliyobaki kwenye mipira na kabureta hutosha kuwasha injini, kutembea hadi mwanzo wa njia, na mara nyingi kupaa. Mchanganyiko unapofika, mafuta hulipuka ovyo ndani ya silinda badala ya kuwaka kwa mpangilio, joto linapanda, na pistoni zinaweza kutoboka. Bob Hoover, rubani maarufu wa maonyesho wa Marekani, alipatwa na hili katika ndege yake ya injini mbili, zote zikazima baada ya kupaa, akatua kwa ustadi na kila mtu akapona. Baadaye jina lake likapewa pete ya shingo ya tangi inayozuia mdomo mpana wa pampu ya jeti usiingie. Pete hiyo inafaa sana palipo na pampu. Pale mafuta yanapotiwa kwa dumu na faneli, haimzuii mtu.

Ukitaka kujua umetiwa mafuta gani, yatonesha kwenye karatasi nyeupe. Petroli huruka na kuacha karatasi kavu. Mafuta ya jeti huacha doa la mafuta lisilokauka. Kutegemea rangi pekee si salama, maana buluu iliyochanganywa na mafuta ya jeti bado inaweza kuonekana buluu iliyofifia.

Mwanafunzi wa Anga

Shikamooni wakubwa. Naomba kuuliza maswali mawili. Kwanza, kwa nini tusiamini geji tu? Gari langu lina geji na halijawahi kuniangusha. Pili, kitabu cha ndege tunayojifunzia kinaandika galoni, pampu inauza kwa lita, na mwalimu anazungumza kwa saa. Nishike kipi?

Bawa la Juu (mleta uzi)

Marahaba, kijana wangu. Geji ya ndege nyingi ndogo ni boya linaloelea ndani ya tangi lenye kina kifupi na upana mkubwa, ambalo mafuta yake hucheza kila bawa linapoinama. Kanuni za Marekani ambazo ndege hizi nyingi ziliidhinishwa nazo zinataka geji isome sifuri pale ndege inaporuka sawasawa na kilichobaki ni mafuta yasiyoweza kutumika tu. Wapo waliolitafsiri sharti hilo kwamba geji inaruhusiwa kudanganya katika viwango vingine vyote, na hiyo ni tafsiri ya mzaha. Lakini baada ya miaka 40 ya kutikiswa, geji nyingi hudanganya kweli. Itumie kama shahidi wa pili: ikisema mafuta ni machache kuliko hesabu yako, iamini geji na utue, ikisema ni mengi kuliko hesabu yako, iamini hesabu.

Kuhusu vipimo, hesabu yako yote iishie kwenye saa, kwa sababu swali unalojiuliza angani ni utaruka kwa muda gani. Lakini uwe mwangalifu njiani kufika huko. Galoni ya Marekani ni lita 3.785, na ile ya Uingereza ni lita 4.546. Galoni 40 za kwanza ni lita 151, za pili ni lita 182, na tofauti hiyo ya lita 30 kwa Cessna 172 ni karibu saa nzima ya kuruka. Wakubwa nao wamewahi kunaswa hapo: tarehe 23 Julai 1983 Boeing 767 ya Kanada ilipaa ikiwa na pauni 22,300 za mafuta mahali palipohitajika kilo 22,300, ikazimika injini zote mbili katikati ya safari na kutua kwa kuteleza Gimli, watu wote 69 wakiwa hai. Ile si ndege ya binafsi, ila mtego ni uleule.

Kisha tenga akiba. Marekani inataka akiba ya dakika 30 mchana na 45 usiku kwa anayeruka kwa kuona. Mimi nadhani dakika 30 ni akiba ya mtu mwenye viwanja vingi jirani. Kwa anayetoka Dodoma kwenda Mbeya, upepo ukimgeukia na uwanja wa mbele ukifungwa na mvua, dakika 30 hazimpeleki popote pa maana. Saa moja kamili ndiyo ninayoishauri, isiyoguswa kwa sababu yoyote ya kibiashara au ya kumridhisha abiria.

Mkaazi wa Langata

Niongeze kwa mwanafunzi, maana huenda siku moja ataruka kutoka uwanja wa Wilson, Nairobi, kwenda pwani. Wilson iko futi 5,500 hivi juu ya bahari, na hewa ni nyepesi. Injini ya kabureta ikipewa mafuta yote kama inavyofanywa pwani, mchanganyiko wa hewa na mafuta unakuwa na mafuta kupita kiasi, injini inatetemeka, nguvu inapungua, na matumizi yanazidi yale yaliyoandikwa kitabuni. Jedwali la kitabu linachukulia kwamba rubani amepunguza mafuta kwa usahihi. Asiyepunguza anaruka na hesabu ya ndege nyingine kabisa, na hapo ndipo saa nne za karatasi zinapogeuka kuwa tatu na kitu.

Kinyume chake ni hatari vilevile. Ukishuka kuelekea Malindi au Ukunda na mchanganyiko uleule uliouweka futi 9,500, hewa inazidi kuwa nzito huku mafuta yakibaki kidogo, na injini itaanza kukosa pale unapohitaji nguvu. Ongeza mafuta hatua kwa hatua unaposhuka.

Pwani pia kuna jambo ambalo watu wa joto hawaliamini, nalo ni barafu ndani ya kabureta. Mafuta yanapogeuka mvuke na hewa inapopita kwenye koo jembamba, joto la ndani linaweza kushuka kwa nyuzi 30 na zaidi, na unyevu wa hewa ya bahari unaganda hapo hapo. Inaweza kutokea hata nje kukiwa na nyuzi zaidi ya 30, hasa injini ikiwa imepunguzwa kwa ajili ya kushuka. Kwa propela ya pembe isiyobadilika, dalili ni mizunguko ya injini kupungua taratibu bila sababu. Vuta joto la kabureta lote (kishikio kinachoingiza hewa ya moto humo), na usiogope injini ikikohoa zaidi kwa muda. Ni barafu inayeyuka na kupita. Wengi hulirudisha kwa hofu wakati huo huo, na hapo injini hunyamaza. Wachunguzi wakifika baadaye hawakuti kitu, maana ushahidi umeshayeyuka.

Mwanafunzi wa Anga

Nashukuru sana wakubwa. Na injini ikishazima, naanza na valvu au naanza na nini?

Bawa la Juu (mleta uzi)

Anza na pua ya ndege. Ishushe hadi upate kasi ya kuteleza iliyoandikwa kitabuni, ambayo kwa Cessna 172 ni noti (maili za baharini kwa saa) 65 hadi 68 kulingana na toleo, kisha chagua mahali pa kutua na ugeukie huko. Vitu hivyo viwili vikishakaa, ndipo ubadilishe tangi, uwashe pampu ya umeme kama ipo, uongeze mafuta kwenye mchanganyiko, uvute joto la kabureta na kuangalia swichi za cheche. Mikono ijue vilipo bila macho kutazama, kwa hiyo kaa kwenye ndege ikiwa imeegeshwa, ufumbe macho, uviguse kimoja kimoja mpaka uvizoee. Ukikuta kimojawapo hukifikii bila kugeuza mwili au kulegeza mkanda, mwambie mwalimu wako siku hiyo hiyo, kabla ya kupaa.

Fundi wa Hanga

Na kijiti cha kupimia mafuta kiwe cha ndege hiyo hiyo. Nimeviona vijiti vikihama kutoka ndege moja hadi nyingine kwa sababu zote ni Cessna 172, ilhali zipo zenye matangi ya galoni 42 na zipo za galoni 56, na alama za kijiti cha moja hazina maana kwenye nyingine. Andika namba ya usajili wa ndege kwenye kijiti kwa rangi isiyofutika.